Bonge la barafu na mjomba wa Marangu

Hii ni ya 2006, mwaka wa mgao. Aliyekuwepo Dar anakumbuka, ukame ulikausha mabwawa, umeme unakatwa asubuhi unarudi usiku, friza ya mama ikawa kabati tu. Mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga Mbagala kwa hiyo alfajiri tunaenda wote Feri, yeye anachagua samaki, mimi nabeba barafu.

Wiki hiyo mjomba alikuwa kwetu, ametoka Marangu kuja kutibiwa goti. Mjomba alikuwa mgumu, ndo wanavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro, miaka na miaka anapandisha mizigo ya watalii. Mtu mkimya sana. Ukimwamkia shikamoo mjomba anakujibu marahaba mjomba, basi, anarudi kukanda goti lake.

Sasa siku hiyo tunashuka daladala gunia likanichoropoka, bonge likabingiria kwenye mchanga na mchanga wa Mbagala mnaujua, likanata mchanga na vikokoto upande mzima. Kufika nyumbani mikono imekufa ganzi, nikaliburuta kutoka mlangoni kupitia sebuleni kwenda uani. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji imepakwa rangi nyekundu, mama anaing'arisha kila Jumamosi. Nageuka nyuma naona michirizi, mistari myembamba mirefu imeenda sambamba kama imepigwa rula, rangi imechubuka mpaka saruji inaonekana. Nikajua leo nimekwisha.

Mjomba akainuka na goti lake hilohilo, akainama, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja taratibu mpaka mwisho. Akasema, "Mjomba, njoo uone. Barafu lenyewe halichubui hivi. Ni mawe liliyoyashika."

Mi nilikuwa kidato cha tatu, somo la mito ya barafu nilishalikariri lote kwa Kiingereza, naweza kukutajia mabonde yenye umbo la U bila kukosea ila kichwani sioni kitu. Sikuwahi kufikiria kwamba barafu linafanya kazi kama msasa, kwamba mawe yaliyoganda chini yake ndo yanasugua mwamba na lenyewe linang'oa mengine njiani na kwenda nayo, na kwamba mto wa maji unachimba bonde jembamba chini lakini barafu linajaza bonde zima kwa hiyo linakula chini na kuta zote mbili kwa pamoja. Ndo U hiyo! Kule Norwei mabonde ya hivyo yaliingiliwa na bahari, meli kubwa zinapita ndani yake.

Akanivuta uani kwenye deli la samaki. Barafu tuliyoipondaponda jana yake ilikuwa chengachenga, lakini ya chini kabisa, iliyokandamizwa na samaki na barafu nyingine usiku kucha, ilikuwa imeshikana pande moja, mama anaigonga kwa mchi haikubali. Mjomba akasema theluji juu kule inakuwa hivyohivyo. Inaanguka laini kama pamba, ya mwaka huu inailalia ya mwaka jana, hewa inakamuliwa, miaka ikipita huko chini hakuna theluji tena, ni barafu gumu. Likishakuwa nene vya kutosha uzito wake wenyewe unalisukuma kushuka mteremko, linajivuta kama uji mzito kwenye sahani uliyoiinamisha, na pengine linateleza kabisa juu ya maji yaliyoyeyuka chini yake. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kule Greenland upo mto wa barafu, Jakobshavn, uliopimwa mwaka 2012 ukaonekana unakwenda zaidi ya mita 40 kwa siku, nikamkumbuka.

Nikamuuliza, na la kwetu linakwenda? Akanyamaza kidogo. Akasema la kileleni Kibo limekaa pale kwenye tambarare, haliendi popote, lina kuta zimesimama wima kama ukuta wa nyumba, na kuta hizo kila mwaka anazikuta zimerudi nyuma. Na maji ya maana huyaoni yakitiririka. Kumbe ni kweli, jua kali na ukavu wa kule juu vinaligeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, na theluji mpya ya kulifunika haitoshi. Mwaka 1912 barafu la Kilimanjaro lilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufika 2007 asilimia 85 hivi ilishapotea. Mjomba hakuwa na tarakimu hizi, alikuwa na macho tu, na inaniuma mpaka leo kwamba hakuna aliyekuwa anamuuliza.

Jioni bonge likawa limeisha uani. Pale lilipokuwa pamebaki kituta cha mchanga, vikokoto, magamba mawili ya samaki na ushanga mmoja wa bluu ambao sijui lilizoa wapi. Mjomba akanionyesha kwa fimbo, akasema chini ya Kibo kuna matuta ya mawe ya namna hiyo, marefu, mengine mbali kabisa na barafu lilipo sasa, ukiyaona unajua zamani lilifika hapo likaishia hapo.

Mama akatoka na fagio. Mjomba akamwambia, "Dada, hicho kiache mpaka kesho." Na mama, na sakafu yake yote ile iliyochubuka, akaliegemeza fagio ukutani.