Kadi "iliyokufa" ndiyo ninayotumia sasa

Watu watatu waliniambia kadi yangu ya waifai imekufa, ninunue nyingine. Mmoja akaongeza kwamba Linux ni ya wasio na kazi, nirudi Windows niache kujitesa. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua terminali, lile dirisha la kuandika amri. Walitazama pale juu ya skrini, wakakuta alama ya waifai haipo, wakatangaza msiba.

Maiti haitaji jina lake. Nilipoandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta, kadi ilijitaja vizuri tu, pamoja na namba zake. Nne za mwanzo ni za mtengenezaji (8086 ni Intel, 10ec ni Realtek), nne za mwisho ni za kadi yenyewe. Kama yako ni ya kuchomeka USB, tumia lsusb. Tafuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi) kwa namba hizo, achana na jina lililo kwenye boksi. Kilichokosekana kwangu ni mstari wa "Kernel driver in use", unaotaja draiva inayotumika. Kompyuta iliiona kadi, ila haikuwa na wa kuzungumza nayo.

Hapo nikajiona fundi. Nikapakua msimbo wa draiva kwenye kompyuta nyingine, nikauleta kwa flashi. Nikaandika make, amri ya kujenga draiva kutoka kwenye msimbo: hakuna make. Nikaenda kuileta. Ikadai gcc, inayogeuza msimbo kuwa programu. Nikaleta gcc, nayo ikadai ndugu zake, na kila ndugu ana ndugu. Usiku kucha mimi na flashi, kama mpeleka barua. Mwisho nikaleta linux-headers, faili za kerneli (kiini cha Linux) zinazohitajika kujenga draiva, kwa furaha, kumbe ni za kerneli nyingine kabisa! Ningeandika uname -r, inayotaja toleo la kerneli yako, tangu mwanzo ningelala mapema.

Asubuhi nikiwa nachaji simu kwenye kompyuta hiyohiyo, akili ikanijia. Nikawasha kushiriki intaneti kwa USB. Sekunde chache tu, Linux ikaichukulia simu kama kadi ya waya, intaneti ikaingia. Simu inaweza hata kuwa kwenye waifai yenyewe, bando lisiguswe. Safari zote zile za flashi, na waya ulikuwa mkononi mwangu!

Draiva ikajengwa kwa DKMS, programu ambayo huijenga draiva upya kila kerneli ikibadilika. Nikaandika modprobe, amri ya kuiwasha draiva, nikitabasamu. Jibu: "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta, inakataa draiva isiyo na sahihi inayoiamini. Wengi watakwambia uizime. Mimi mbishi, nikasajili ufunguo wa sahihi ya draiva kwa mokutil --import, nikaweka nenosiri, nikawasha kompyuta upya, nikaenda kunywa maji.

Kosa. Inakuja skrini ya bluu inayosubiri ubonyeze kitufe, na inasubiri sekunde 10 tu. Niliporudi, kompyuta ilishawaka kama kawaida na waifai hakuna. Nikaanza upya, safari hii vidole juu ya kibodi kama mpiga kinanda. Halafu nenosiri likakataliwa, kwa sababu skrini ile husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani na mimi nilikuwa nimejaza alama za ajabu. Weka herufi za kawaida, litatumika mara moja tu.

Mara ya tatu alama ya waifai ikatokea. Nikampigia yule wa Windows simu ya video kwa kadi hiyohiyo. Akaniuliza nimenunua kadi gani.