Kubadhi chini ya breki: nilivyochagua viatu vya kuendeshea gari

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha gari hapa Pemba nilivaa kiatu chochote nilichotoka nacho nyumbani: mara ndara, mara makubadhi, na siku za harusi viatu vya kisigino kirefu. Asubuhi moja ya masika, nikiteremka kilima katika njia ya Wete kwenda Chake Chake, mbuzi wawili walikatiza mbele yangu. Niliunyanyua mguu kwenye mafuta kuupeleka kwenye breki, lakini kubadhi, ambalo halina ukanda wa nyuma, likanichomoka na ncha yake ikajikunja chini ya breki. Nilikanyaga mara ya pili ndipo gari likasimama. Mbuzi walinusurika. Nikaegesha pembeni, mikono ikinitetemeka, nikapiga hesabu kwamba kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde.

Nilikwenda kwa ami yangu, aliyeendesha daladala kwa miaka mingi. Alinitazama miguuni kabla ya kunijibu salamu.

“Kisigino ndiyo nguzo yako, mwanangu,” aliniambia. “Kikitulia sakafuni, mguu utahama wenyewe. Na usivae soli nene, maana kuisikia breki kwa soli hiyo ni sawa na kumsikiliza mtu aliye nyuma ya mlango.”

Nilijaribu kwanza kuendesha pekupeku, lakini mguu wenye maji uliteleza, na kukanyaga breki kwa nguvu kuliniumiza unyayo. Ndipo nilipotafuta raba za kamba, zenye soli ya mpira isiyozidi unene wa sentimita moja. Jozi ya kwanza niliipenda sana, ila nilipoijaribu ndani ya gari lililoegeshwa, injini imezimwa, niligundua kuwa soli yake ni pana mno na inagusa breki na mafuta kwa pamoja, nikairudisha dukani. Ya pili niliihamisha kutoka mafuta kwenda breki mara nyingi bila kutazama chini, na kwa mguu wa kushoto nikakanyaga klachi hadi mwisho, haikukwama popote.

Buibui nalo lina hatari yake, kwa hiyo kabla ya kuwasha gari hulipandisha juu ya kifundo cha mguu na kuubana upindo chini ya paja. Viatu vya kuvalia kazini hukaa mfukoni, nyuma ya kiti. Siviweki kabisa sakafuni kwa dereva, kwani kiatu kikiviringika chini ya breki, breki haishuki. Siku za mvua hufuta soli kwa kitambaa kabla ya kuingiza miguu, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Raba hizo zimelika kisigino cha kulia, pale kinapoegemea sakafu, na wiki hii natafuta nyingine za namna hiyo hiyo.