Injini Iliyolia kwa Sikio la Mzee

Ilikuwa injini ya mvuke ya mfano, kipimo cha 1:76, yenye tenda, yaani kibehewa cha makaa, nyuma, inayokwenda kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Mzee mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, alitumiwa na mwanawe kutoka Uingereza, pamoja na dikoda ya sauti ya kampuni ya Zimo (kifaa kidogo cha elektroniki kinachoongoza mota, taa na sauti ndani ya injini), spika ndogo, na kisanduku cha kuendeshea treni kwa dijitali. Mzee huyo alikulia Nachingwea wakati Reli ya Kusini bado inafanya kazi. Reli ile ilianza 1949 ikitokea Mkwaya, karibu na Lindi, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Baadaye ikafika bandari ya Mtwara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Waliosikia garimoshi lake kwa masikio yao wamebaki wachache. Mzee alitaka injini ile ilie kama alivyosikia utotoni, nami nikaichukua kazi hiyo kwa moyo wote, maana nafasi ya kurekebisha sauti mbele ya shahidi wa namna hiyo haiji mara mbili.

Kabla ya kuchomeka chochote tulisafisha. Shangani iko baharini, na upepo wa chumvi huacha utando juu ya reli na magurudumu. Injini isiyo na sauti ikikosa umeme kwa kitambo kidogo hupita tu, hata macho hayaoni. Yenye sauti hukatika, kisha dikoda inaanza upya, na mlio wote unaharibika. Kwa hiyo kila gurudumu lilifutwa kwa kitambaa chenye spiriti kavu, na vile vibati vyembamba vinavyogusa magurudumu kwa ndani vikakunjwa kidogo ili viguse sawasawa pande zote mbili.

Injini ilikuwa na soketi ya pini nane. Rangi za waya ni zilezile karibu kwa watengenezaji wote: nyekundu na nyeusi huleta umeme wa reli ya kulia na ya kushoto, chungwa na kijivu huenda kwenye mota, nyeupe ni taa ya mbele, njano taa ya nyuma, na bluu ni chanya ya pamoja. Plagi ikichomekwa kichwa chini miguu juu, injini hutembea kinyumenyume na taa haziwaki, lakini dikoda haiungui, unaigeuza tu. Kinachounguza dikoda ni waya wa mota kugusa reli. Ndiyo maana kabla ya kuchomeka tulipima kwa multimita, yaani kipima umeme, kati ya kila ncha ya mota na kila reli, tukahakikisha hakuna njia inayopita umeme.

Spika ilikuwa ya milimita 11 kwa 15, ya omu 8. Multimita ilisoma 7.4, na hiyo ni sawa, kwa sababu usomaji wa mkondo mnyoofu huwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Spika tupu bila kisanduku hulia kama redio ya simu mbovu: hewa inayosukumwa mbele inazunguka na kukutana na ile inayovutwa nyuma, zinafutana, na sauti nzito zote zinapotea. Kisanduku lazima kifungwe kabisa. Tulikigandisha kwa gundi nyeupe kuzunguka ukingo wote, tukapitisha nyaya kwenye tundu dogo na kuliziba kwa gundi hiyohiyo, kisha tukaacha ikauke. Wakati wa kulehemu, shika mkono imara: sumaku ya spika huvuta ncha ya chuma ya kifaa cha kulehemu, na ikiteleza inatoboa utando. Gusa, yeyusha, ondoa. Joto likikaa, plastiki ya pembeni inalegea.

Kisanduku kiliingia chini ya makaa ya tenda. Kwa kuwa umeme wa Mtwara na vumbi la reli havitabiriki, tuliongeza kapasita mbili (vihifadhi vya umeme kidogo) za mikrofaradi 1000, volti 25, zilizoungwa sambamba. Ncha yao chanya ilikwenda kwenye waya wa bluu kupitia rezista ya omu 100, ili zijazwe polepole zisiivute mashine ya kuendeshea ikadhani kuna shoti. Diodi ya 1N4007 iliwekwa kando ya rezista, mkanda wake ukielekea bluu, ili umeme ukikatika kapasita zitoe bila kubanwa. Ncha hasi huungwa kwenye hasi ya dikoda yenyewe, kamwe si kwenye reli. Sehemu hizo zote zilivikwa neli ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Tulizifunga baada ya kumaliza kusoma mipangilio, kwa sababu dikoda ikisomwa hujibu kwa kuvuta mkondo wa ghafla wa kama miliampea 60, na kapasita zinaweza kuuficha usionekane.

Garimoshi likalia. Mzee akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Fundi, hili linakimbia kwa mdomo kuliko miguu."

Alikuwa sahihi. Injini ya silinda mbili hupiga mvuke mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu kubwa. Tuliweka nukta ya rangi nyeupe kwenye gurudumu, tukaiendesha polepole sana, mmoja akihesabu mizunguko na mwingine mipigo. Mizunguko kumi ilitoa mipigo 46 badala ya 40. Kwenye dikoda za Zimo mpangilio unaoongoza hilo ni CV 267 (kila mpangilio wa dikoda huitwa CV na una namba yake), unaotoka kiwandani ukiwa 70, na ukiupandisha mipigo inapungua. Tulipanda kidogo kidogo hadi 80. Hesabu hii ifanywe kwenye mwendo wa chini, maana ukikimbiza sikio halitofautishi tena.

Kisha sauti kwa jumla, CV 266. Thamani yake ya kiwandani ni 65 hivi, na kwenye chumba cha sakafu ya saruji ilikuwa inaumiza masikio. Tuliishusha hadi 40. Hapo kukabaki mtetemo mkali kila filimbi inapolia. Kujua unatoka wapi ni rahisi: bonyeza bodi, yaani gamba la nje, kwa kidole. Ukinyamaza, ni bodi. Usiponyamaza, ni kisanduku kinavuja au utando umechanika. Ulinyamaza. Kifuniko cha makaa kilikuwa kinagonga ukuta wa tenda, na kipande cha tepu ya kitambaa kikamaliza jambo.

Lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa mzigo, na hapo ndipo mzee alipotufaa kuliko karatasi yoyote ya maelekezo. Alisema likipanda na mabehewa lilikuwa linakokota pumzi, kila mpigo peke yake, mzito. Likiteremka halipigi kabisa, unasikia vyuma vya miguu tu. Dikoda inaweza kufanya hivyo, lakini kwanza ipime injini ikiwa haina mzigo. Tuliiweka kwenye reli iliyonyooka na tambarare, tukaandika 75 kwenye CV 302, ikakimbia yenyewe na kujipima. Baada ya hapo CV 275 na 276, za mpigo usio na mzigo, tukazishusha. CV 283, ya nguvu kamili, tukaiacha 255. Na CV 286, ya wakati wa kupunguza mwendo, tukaiteremsha hadi 10.

Kuondoka polepole ndiko kunakoipa injini uzito. CV 3 tuliiweka 40, yaani kama sekunde 36 kutoka kusimama hadi mwendo kamili, kwa kuwa kila namba ni sekunde 0.9. Kwa kusimama, ubao wa reli wa mzee, wa mita 2.4, haukuruhusu anasa hiyo. CV 4 ikiwa 30, injini ingetembea zaidi ya mita tatu kabla ya kutulia, ikaanguka kutoka mezani. Tukaweka 10.

Mzee akashika kidhibiti mwenyewe, akafungua taratibu. Mipigo minne ya kwanza ikatoka mizito, imeachana. Alipofunga mvuke ikanyamaza, vikabaki vyuma. "Eeh! Hivyo hivyo, mwanangu," akasema, akairudisha mwanzo wa reli aanze tena. Kuhusu filimbi hakuridhika: ya kwao, alisema, ilikuwa nene zaidi. Dikoda ilikuwa na filimbi kadhaa, tukachagua iliyo chini kuliko zote na kupunguza ukali wake.

Namba zote ziliandikwa kwenye kipande cha kadibodi kilichowekwa ndani ya boksi la injini, pamoja na onyo kwa wajukuu wake: asiandike mtu 8 kwenye CV 8, maana hapo dikoda hurudi kiwandani na kila tulichokipanga hufutika.