Kabati la mabegi

Mwezi Novemba 2014, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Mbeya, nilipata kibarua cha jioni maktabani. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vinavyoazimwa na kurudisha kwenye rafu vile vilivyoachwa mezani.

Jioni moja ya mvua alikuja dada mmoja na kitabu cha uhasibu alichokitoa kwenye rafu ya vitabu vya kusomea humo humo. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba hakitoki. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kuwa anakihitaji hadi kesho yake tu. Pamoja na kwamba tulifundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi aliyekitumia nje ya darasa alihesabiwa kuwa anajidai, nami sikujiuliza mara mbili: nilimwonyesha kwa kidole tangazo la ukutani, nikaendelea kugonga mihuri. Tangazo lenyewe lilikuwa la Kiswahili. Alilitazama kitambo, akakiacha kitabu mezani, akatoka.

Mlangoni alikuwepo mzee wa kupokea mabegi, mwenyeji wa Rungwe, ambaye alimsikia akilalamika kwenye simu kwa lugha aliyoielewa karibu yote. Dada yule alikuwa Mngonde wa Karonga, nchini Malawi, na Kingonde na Kinyakyusa ni lugha za ndugu. Ni mpaka wa Mto Songwe, waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, uliowagawa wasemaji wake katika nchi mbili.

“Ugonile, mwanangu,” mzee alimsalimu, na baada ya mazungumzo marefu ambayo sikuambulia neno, akamrudisha hadi mezani kwangu. “Kijana wangu, huyu mtoto hana ugomvi na mtu. Hakuelewa ulichomwambia. Mweleze kwa Kiingereza, na kikikushinda sema, nitamtafsiria mimi.”

Kauli hiyo ilinichoma, kwa kuwa Kiingereza changu kweli kilikuwa cha kuungaunga. Hata hivyo tulielewana. Alikuwa amechelewa kufika kwa wiki tatu akisubiri kibali cha kusoma nchini, hivyo siku ya wageni kutembezwa maktabani ilimpita. Tangu afike alikuwa akipekua rafu moja baada ya nyingine, kwa sababu vibao vyake viliandikwa UHASIBU, SHERIA, ELIMU, na hakuna aliyemwambia maana yake. Nilimpeleka kwenye katalogi nikamwonyesha namba 657, ambayo katika mpangilio wa Dewey ni ya uhasibu, uwe Mbeya au Blantyre. Wakati namweleza ndipo na mimi nilipoelewa vizuri; kwa mwezi mzima nilikuwa nikizifuata namba zile kama mpagazi anavyofuata alama za magunia.

Kesho yake nilimsimulia mkutubi mkuu, nikiruka sehemu ya kidole. Alinipa kadi ngumu na kalamu ya wino mzito, akaniagiza niandike vibao upya: namba kwa herufi kubwa, kisha Kiswahili na Kiingereza. Akaongeza jambo lililonishangaza zaidi, kwamba vitabu vya kusomea humo humo huruhusiwa kutoka wakati wa kufunga, mradi virejeshwe kabla ya saa mbili asubuhi. Utaratibu huo ulikuwepo siku zote, lakini haukuwa umeandikwa mahali popote kwa lugha yoyote. Waliounufaikia ni wale waliokuwa na rafiki mezani, na Mtanzania asiye na rafiki aliukosa sawasawa na yule dada. Nikauandika pia, na jioni ile alikuwa wa kwanza kuondoka na kitabu.

Mzee alipoona kadi zimebaki, aliomba nimwandikie ya kabati lake la mabegi. Nilimuuliza kwa lugha gani. Akasema zote mbili, halafu juu kabisa, kabla ya maneno mengine yote, niweke “Ugonile”.