Nilivyozipeleka mbinu za Toyota kwenye kiwanda cha chai Rungwe

Kwa Toyota, kasoro ikionekana mfanyakazi anavuta kamba, laini inasimama, chanzo kinatafutwa papo hapo. Gari lililofika nusu litasubiri. Lakini majani ya chai yakishapita kwenye rola za CTC, zile zenye meno zinazoyasaga na kuyakata, yameanza kuchachuka, na baada ya saa moja hivi yanatakiwa yawe yanaingia draya, mashine ya kukaushia. Watu wa chuma wana taabu hiyohiyo: tanuru likipoa, chuma hugandia ndani. Kwa hiyo mimi, msimamizi wa zamu, suala la kamba niliachana nalo mapema.

Nilianza na rola. Meno yake huisha makali, na kila zilipotolewa kwenda kunolewa, laini ililala karibu zamu nzima. Mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, alifundisha kutenganisha kazi inayowezekana mashine ikizunguka na ile inayolazimu izimwe. Nikakaa na daftari nikiwatazama mafundi. Muda mwingi uliishia kwenye kutembea: spana iko stoo, mtunza stoo kaenda kula, winchi ya mnyororo iko kwa watu wa boila, beringi mpya bado imo kwenye boksi.

Fundi mkuu akaniuliza, "Mwanangu, unatuhesabia hatua?"

"Hapana, mzee. Naihesabu stoo."

Akacheka. Lakini toroli alilibuni yeye: ubao wenye umbo la kila spana limechorwa kwa rangi nyekundu, isiyorudishwa inajulikana kwa jicho tu. Siku hizi rola zilizonolewa hufungwa beringi mapema na kuwekwa kando ya mashine. Muda wa kusimama umepungua zaidi ya nusu.

5S, utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, haikunipa kazi. Hospitali ya Rufaa Mbeya iliianza mwaka 2007, na "sasambua, seti, safisha" watu wengi wameshaliona ukutani. Nilikazania kitu kimoja: anayefuta mafuta kwenye gia aseme yanavujia wapi.

Kizungumkuti kilikuwa malori. Msimu wa mvua yote hufika jioni kwa pamoja. Kabla ya kwenda kwenye rola, majani hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18, na hapo ndipo mahali pekee kiwandani ambapo yanaweza kusubiri. Ukivijaza vihori vya kunyaushia kupita kiasi, hewa haipiti, majani yanapata joto na kuwa mekundu kabla ya kusagwa. Nikaomba vituo vya mbali vya kukusanyia majani vianze kuleta mchana, hata lori likiwa nusu. Wa usafiri wakaja juu: dizeli je? Nikawaambia dizeli mnaiona kwenye risiti, majani yaliyoungua mnayalipia mnadani bila kujua. Meneja akanipa msimu mmoja wa majaribio, shingo upande.

Sasa ni hao wa usafiri wanaonipigia simu kabla ya chakula cha mchana: "Mkuu, vihori vingapi viko wazi?"