Jinsi nilivyopanga saa zangu za rubani msaidizi

Naruka kati ya Tanga na Pemba nikiwa rubani msaidizi wa Cessna Caravan, ndege iliyothibitishwa kurushwa na rubani mmoja, na hapo ndipo utata ulipoanza nilipotaka leseni ya juu. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huruhusu zihesabiwe saa zisizozidi asilimia 50 ya zile za msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo, endapo nchi inalazimisha kuwepo kwake. Marekani, katika kanuni ya 61.51, huuliza kama cheti cha ndege au kanuni za safari zinamhitaji msaidizi huyo. Nikaongeza safu mbili daftarini: idadi ya marubani kwenye cheti, na kanuni iliyoniweka kitini. Sasa mstari husomeka: HTTG–HTPE (alama za viwanja vya Tanga na Pemba), msaidizi, cheti rubani mmoja, kisha namba ya kanuni. Saa zenyewe sizipunguzi. Asilimia hukokotolewa kwenye ombi la leseni, kadiri ya mamlaka husika.