Mountain View, mbele ya diski 50

Teksi ya kutoka nyumba ya wageni hadi Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View, California, ilinikomba pesa ambazo Unguja ningekula wiki nzima. Chumba nacho kilikuwa kidogo, na kiyoyozi kilinguruma mpaka alfajiri. San Francisco nimepita tu. Siku zilizobaki hazina la kusimulia, ila saa ile niliyosimama mbele ya RAMAC, mtambo wa kale wa kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta kwenye diski.

Mzee mmoja mstaafu, anayejitolea pale, aliiwasha. Diski 50, kila moja pana kama sinia la biriani, zikaanza kuzunguka kwa pamoja. Zikishika kasi yake huzunguka mara 1,200 kwa dakika. Kando yake mkono mmoja wa chuma ukapanda, ukasita, ukachomeka baina ya diski, ukatoka, ukashuka kutafuta nyingine. Watoto wa shule walishangilia. Mimi sauti ilinikauka.

Mashine hii kampuni ya kompyuta ya IBM iliitangaza mwaka 1956. Kabla yake kumbukumbu zilikaa kwenye kadi zilizotobolewa au kwenye kanda, na kanda ina adha yake: unachokitaka kikiwa katikati, lazima upite vyote vilivyotangulia. Reynold Johnson, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alitumwa San Jose mwaka 1952 kufungua maabara, na vijana wake wakapata njia ya kulifikia neno lolote kwa muda usiofika sekunde moja. Herufi milioni 5 ziliingia humo. Kodi ya mtambo mzima ilikuwa dola 3,200 kwa mwezi, na zama hizo dola ilikuwa dola kweli.

Kilichonishika zaidi ni ile rangi. Diski zilipakwa rangi yenye oksidi ya chuma, kutu hasa, nayo ndiyo inayoshika kumbukumbu kwa sumaku. Mzee alieleza kwamba waliichuja kwa soksi ndefu za wanawake, kisha wakaimimina kwa kikombe cha karatasi karibu na kitovu cha diski inayozunguka, ikatandaa yenyewe hadi ukingoni. Akaongeza kuwa walioifufua mashine hii walikuta data za miaka hiyo bado zinasomeka.

Hapo nikamkumbuka baba. Alipokuwa Maskati hakuwa mwandishi wa barua. Alijirekodi kwenye kaseti, akampa msafiri, na sisi tukaketi barazani kumsikiliza akituulizia hali mmoja mmoja, hata mbuzi. Kaseti zile nazo zimepakwa kutu. Baba ameshatangulia mbele ya haki, na sauti yake iko ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama, katika hewa ya chumvi.

Nilimuuliza mzee nizifanyeje. Alinisikiliza kwa makini, akasema zikae pakavu, zisichezwe ovyo kwenye redio yoyote ile, na zihamishwe mapema kwenye kompyuta, nikianza na zilizo nzima.

Jioni ile ile nilimpigia dada, nikamwambia alihamishe kopo hadi kabatini ghorofani na watoto wasiliguse. Akauliza kuhamisha kaseti moja huko ni bei gani. Nilikuwa nimeshauliza dukani: bei haishikiki. Tumekubaliana nitafute fundi Dar nikirejea, kabla ya masika.